Mdhamini wa Mpwa

Fundi cherehani wa mtaani kwetu hupima kitambaa mara tatu kabla ya kukikata, na kifungo akishakishona hukivuta kuona kama uzi umeshika. Lakini mkataba wa chumba cha mpwa wake aliutia sahihi akiwa amesimama, bila kuusoma. Mpwa amehama kimyakimya, kodi ya miezi saba haijalipwa. Jana, nikiwa nasubiri gauni langu, wakala wa mwenye nyumba alikuja akamsomea: mpangaji asipolipa, mdhamini atalipa.

“Nilidhani nashuhudia tu kuwa ni mtoto wa dada yangu,” fundi alisema polepole.

“Mahakama haitauliza ulidhani nini, mzee wangu.”

Fundi akapapasa mgongo wa cherehani. “Mtaichukua leo,” aliuliza, “au nimalizie kwanza gauni la huyu binti?”