Msomaji Mwenye Wivu

Juzi, kwenye cyber moja ya Butembo, nilikuwa nangojea karatasi zangu zitoke kwenye imprimante, mashine ya kuchapa. Pembeni yangu dada mmoja alisogeza laptop yake mbele ya kijana anayefanya naye kazi. Alikuwa amerekebisha kosa katika kernel, ule moyo unaoendesha kompyuta, na alitaka kuwatumia watunzaji wa kernel hiyo kazi yake. Kosa lenyewe: kernel ilirudisha sehemu ya mémoire, yaani kumbukumbu ya kompyuta, kisha ikaendelea kuandika mulemule, kama mtu anayerudisha shamba la kuazima na bado analima.

"Unisomeye mbele ya kutuma," dada alisema.

"Tena weye! Kazi zako banapokea, zangu banakatala kila siku."

Hata hivyo alisoma, mstari kwa mstari, kidole kwenye ekrani, akitafuta tu pa kumwaibisha. Ghafla akacheka. "Njoo uone! Kama kazi inakwama hapa, unarudisha mémoire mara mbili. Mashine itaanguka!"

Dada alisahihisha palepale. "Aksanti. Barafiki bangu bote balisema ni muzuri tu. Donc nikatafuta mwenye wivu."

Kicheko cha kijana kilikatika.

Mimi nilirudi nyumbani na wivu wangu kwa dada yule na msomaji wake. Safu hii, tangu nianze kuiandika, kila mtu ananiambia ni nzuri tu.