Alama kwenye Fimbo ya Gobore

Mjomba, kaka yake mama, ni fundi wa magobore, zile bunduki zinazoshindiliwa baruti kupitia mdomoni. Ni mwongeaji hasa, na kwa miaka thelathini amewahubiria wateja jambo moja: baruti hizi za kisasa zinavuta unyevu, na gobore likigoma usidhani ni tupu. Kila fimbo ya kushindilia huichonga alama. Ukiitumbukiza, alama ikalingana na mdomo wa mtutu, basi hamna kitu ndani.

Baba, anayewinda nguruwe waharibifu wa mashamba, aliyashika hayo kama sala. Wiki ile ya mvua gobore liligoma: fataki ililia, baruti kimya. Akasubiri, akapima. Alama ililingana. Akajicheka kwamba alisahau kushindilia, akashindilia upya, akafyatua. Mtutu ukapasuka, ukaondoka na vidole vyake viwili.

"Unyevu tu huo, shemeji," Mjomba alimwambia hospitalini.

"Unyevu ndio uliomsahaulisha kwamba ameshaweka?" mama akafoka. "Mtu mzima ovyo!"

Baba alimeza kila neno. Tulipomrudisha nyumbani alikataa hata kuwasha jiko la gesi, eti atatuunguza. Hilo liliniuma kuliko vidole.

Jumatatu nilimpelekea Mjomba mabaki ya gobore na fimbo yake. Akachukua futi, akaipima fimbo mara tatu, kisha akakaa juu ya ndoo.

"Ncha ilivunjika mwaka jana. Nikaikata urefu wa vidole vinne, nikatia mpya. Alama sikuichonga upya."

Kumbe baba hakusahau chochote. Fimbo ilikuwa fupi, ikamwonyesha mtutu mtupu ilhali una baruti.

"Nipe siku mbili tatu, mpwa wangu. Nitamwambia mwenyewe."

Nikampa. Nampenda mno Mjomba, na sitajitetea zaidi ya hapo.

Kila jioni alikuja, akanywa chai, akamsikiliza baba akijiita mzee aliyeishiwa akili. Jumamosi ndipo akasema.

Baba aliitazama bandeji yake.

"Kukosea, kila mtu anakosea," alisema. "Ulijua lini?"

"Jumatatu."

"Siku zote hizi nadhani akili zinanitoka, na wewe umekaa hapo unakoroga sukari."

Mjomba alilia waziwazi. Baba hakumtazama. Alikumbuka ni nani aliyeipeleka ile fimbo karakana, akanigeukia.

"Na wewe, mwanangu?"

"Jumatatu," nikasema.