Mthamini wa ushuru aliyeanza upya ngazi ya chini

Saa mbili asubuhi, mwaka 1999, Mwanalima Famau anafunua kitabu cha viwango vya ushuru ambacho jalada lake limeshikwa kwa gundi ya karatasi. Mezani pana hati za kontena lililofika jana bandarini Mombasa. Anasoma mstari mmoja, anasita, anausoma tena.

"Wameandika vyombo vya nyumbani," anasema. "Vyombo gani? Vya plastiki, vya bati, vya udongo? Kila kimoja kina ushuru wake. Ukikisia, mwenye mali anaumia."

Mwanalima ana miaka arobaini na mmoja. Kazi yake ni kukadiria ushuru wa forodha katika kampuni ndogo ya kutoa mizigo. Analipwa shilingi 6,500 kwa mwezi. Kijana anayeketi meza ya pili, Hussni, mwenye miaka ishirini na sita, analipwa 14,000. Aliyemfundisha Hussni kazi ni Mwanalima.

"Sioni haya kusema," anakiri Hussni. "Mimi nilikuja na stashahada, sijui hata pa kuanzia. Huyu ninayemwita shangazi ndiye aliyenishika mkono."

Mwanalima alizaliwa kisiwani Chovai, kusini mwa bandari ya Kismayo, na kusomea mjini humo. Mwaka 1980 aliajiriwa forodha, mwanamke pekee katika chumba cha wanaume tisa. Baba yake, mvuvi, alijisifu kwa Kibajuni kila alipopita: "Mwanangu ni mchu wa serikali," yaani mtu wa serikali.

Huko nako mishahara haikuwa sawa. Mthamini wa Kismayo alipata karibu nusu ya mwenzake wa cheo hichohicho Mogadishu, kwa kuwa makao makuu yalikuwa na posho ya nyumba na ya usafiri. Aliyetaka kupanda alilazimika kuhama.

Novemba 1990 ikamjia barua: amepandishwa cheo kuwa mthamini mkuu, aripoti Mogadishu mwezi wa Januari.

"Niliisoma mara tatu. Nikashona nguo mbili mpya," anasema, akicheka kidogo. "Januari yenyewe ilipofika, serikali iliyoniandikia barua haikuwapo."

Vita vilipoingia Kismayo, yeye na mumewe Gharibu, fundi wa mashine za boti, walirudi Chovai wakidhani kisiwani kutakuwa salama. Watu wenye bunduki wakawafuata huko. Waliingia nyumbani kutafuta dhahabu. Walipoikosa, mmoja wao alichukua mkoba wa Mwanalima na kuumwaga kisimani. Ndani mlikuwa na vyeti, barua za kazi za miaka kumi na mmoja, na ile ya kupandishwa cheo.

"Gharibu alitaka kushuka kuziopoa. Nikamwambia, utakufa kwa karatasi? Akaacha. Siku nyingine najiuliza kama nilimzuia bure."

Wakatorokea mji wa Burgao, kusini zaidi, na kutoka hapo wakapanda boti iliyosheheni wakimbizi hadi Mombasa. Waliishi kambini karibu miaka miwili kabla ya Mwanalima kupata kazi ya kufagia ofisi hii ambamo sasa anakaa mezani. Alipokuwa akifagia alisoma hati zilizotupwa, na siku moja akamwonyesha mwenye kampuni, Bwana Nasrudin, kosa katika mojawapo, naye akampa kazi mezani.

Jina lake lilianza kutajwa mwaka jana. Mteja aliagiza nyavu za kuvulia, zikatozwa ushuru mkubwa kana kwamba ni vitambaa. Wote ofisini walimshauri alipe yaishe. Mwanalima akaandika rufaa ya kurasa mbili, akitaja kifungu cha ushuru mdogo kilichowekewa nyavu zilizoshonwa tayari. Baada ya wiki tano mteja alirudishiwa fedha zake.

Kwa ushindi ule aliingia ofisini kwa Bwana Nasrudin kuomba cheo. Kampuni ilikuwa ikifungua tawi Nairobi, na mthamini mwandamizi huko angelipwa 30,000.

"Bi Mwanalima, kazi unaiweza kuliko sisi sote," anakumbuka akiambiwa. "Lakini nikikupa cheo bila cheti, nitawajibu nini wenye vyeti?"

Nafasi ile alipewa mtu mwingine. Nasrudin hakatai. "Lilinikera hata mimi," anasema. "Nimemwahidi: siku atakayoniletea cheti, hata kesho yake haitafika kabla sijampandisha."

Siku nne baadaye Mwanalima alimwambia mumewe anarudi shule.

"Nilimuuliza, kwa umri huu?" anasimulia Gharibu. "Akaniuliza, umri huu nitakuwa nao hata nisiposoma, sivyo? Nikaenda kuuza mashine yangu moja tupate karo."

Sasa anasomea cheti jioni nne kwa wiki, darasa moja na vijana walioletwa na Hussni kujiandikisha, ambao humsubiri kwanza awaeleze alichokisema mwalimu. Mtihani ni Novemba. Akifaulu, anataka kuomba nafasi Nairobi, na baadaye afungue darasa la wathamini kwa wasichana wa Kibajuni waliokulia kambini.

Wiki iliyopita alijaza fomu ya mtihani. Palipoulizwa miaka ya uzoefu, karani alimshauri aandike mitano, ile ya Mombasa inayoweza kuthibitishwa, aache ile kumi na mmoja ya Kismayo.

Mwanalima aliandika kumi na sita.

"Wakitaka ushahidi," anasema akifungua ukurasa mwingine, "waniulize swali lolote."