Namba Inangoja Familia

Kabla Ebola haijatufikia, watu wa Butembo, mashariki ya Kongo, walimjua Kavuo Emérence kwa sauti tu. Miaka kumi na moja alisoma matangazo ya vifo redioni, asubuhi na jioni. Ukimletea karatasi ya msiba, kwanza aliitazama chini: nani amesaini? Kama mkubwa wa familia hajaweka mkono wake, karatasi inarudi. Ulie, ugombe, umtukane, karatasi inarudi. Kwetu kifo hakisemwi mlangoni, wala hakisemwi na yeyote tu. Mwenye habari anaingia, anapewa kiti, anasalimia. Mkubwa wa familia anaitwa hata kama yuko shambani, na yeye ndiye anayesema. Hayo Kavuo hakuyasoma shuleni, alikulia ndani yake.

Ndiyo sababu mwaka 2019, ugonjwa ulipokuwa umeshatoka Mangina, ukapita Beni na kuingia mjini, huku risasi zikilia milimani, ofisi moja ya mawasiliano ya kupambana na ugonjwa huo ilimchukua afundishe wafanyakazi wake sita namna ya kusema na watu. Lo, wale sita! Diploma wanazo, simu nzuri wanazo, vizibao vyao vina mifuko hata huijui kazi yake. Wa mbele alikuwa Jéthro, mtu wa Beni, mwepesi wa ulimi. Yeye ndiye aliyesoma taarifa ya kila siku redioni saa sita na nusu: wagonjwa wapya wangapi, waliopona wangapi, waliokufa wangapi, na wapi. Mkuu wao, Josaphat, alikuwa na sheria moja: taarifa haichelewi hata dakika, maana ikichelewa, uongo unawahi.

Ni sheria nzuri, msidhani. Kavuo mwenyewe aliifundisha wiki mbili.

Kisha yakatokea ya Rébecca. Huyo alikuwa mama wa Mangina. Mchana mmoja anaanika kakao uani, redio imetundikwa kwenye nguzo, Jéthro akasoma: "Mangina, kifo kimoja." Sasa, wiki ile mtu mmoja tu alikuwa amebebwa kutoka Mangina, na mtaa mzima ulisimama barabarani kuitazama ambulansi inavyoondoka. Alikuwa mume wa Rébecca. Mama wa watu akaangukia palepale kwenye kakao yake. Kesho yake timu ya Ebola ilipofika ilipokewa kwa mawe, na wagonjwa wawili wakafichwa migombani.

"Lakini madame," Jéthro akajitetea, "sikutaja jina ya mutu!"

"Jina ya nini? Batu balihesabu mugonjwa wabo, ni mumoja. Ukisema moja, umeshamutaja!"

Kavuo alikasirika kweli. Akaingia kwa Josaphat bila hodi, wakabishana asubuhi nzima. Mwishowe yule mkuu akalegea: haya, namba ingoje familia iambiwe kwanza, lakini isizidi masaa mawili. Basi Kavuo akaanza kuwafundisha upya. Huyu anajifanya mama, huyu mjomba, huyu mgeni mwenye habari. Jéthro kila mara alianza kusema akiwa bado amesimama.

"Ikala chini! Weye ni polisi?"

Siku sita zilimchukua kujifunza kuketi, kusalimia na kufunga mdomo.

Jioni ya siku ile ya kubishana na Josaphat, Kavuo alimpa mama yake habari ya ushindi wake. Mama Godelive alikuwa anamenya viazi nyumbani kwao, mtaa wa Mususa.

"Mama, tangu leo namba itangoja familia."

"Ni muzuri." Mama akamenya kimoja akamaliza. "Na siye bengine, kama redio inanyamaza, tutawaza nini?"

"Mutawaza kuko nyumba moja banaambiwa," Kavuo akajibu, akacheka. Alikuwa na furaha nyingi mno, swali lile hakulisikia vizuri.

Mwezi wa tano ugonjwa ukamshika Mathe, mdogo wake Kavuo, fundi wa pikipiki. Akapelekwa kituo cha matibabu. Tangu siku hiyo Mama Godelive aliweka redio dirishani kuanzia asubuhi, wala hakuizima hata akisali rozari. Kavuo alimwomba Mungu mawili. La kwanza, Mathe apone. La pili, kama haponi, mama asije akalisikia redioni kama Rébecca.

Siku ya nane, saa tano na nusu, Kavuo yuko mbele ya wanafunzi wake, Jéthro akaingia kwa kuchelewa. Hakwenda mahali pake. Alivuta kiti, akaketi mbele ya Kavuo, akamsalimia polepole. Akauliza hali ya mama nyumbani. Kisha akauliza:

"Na mukubwa wa familia yenu, madame, ni nani?"

Hapo Kavuo akaelewa. Alikuwa amemfundisha vizuri, masikini.

"Baba alishakufa," akasema. "Ni mujomba Lusenge, kaka ya mama. Anauzisha maharage kule ngambo ya muji."

"Tumeshamutumia mutu wa moto, na pikipiki yake."

"Basi, usiniambie kitu."

Akapanda pikipiki mpaka Mususa. Alifika saa sita na robo, lakini Lusenge hajafika: katikati ya mji vijana walikuwa wamechoma matairi, barabara imefungwa. Mama Godelive alikuwa uani, ungo mapajani, anachambua maharage. Redio inaimba dirishani. Kavuo aliitazama. Kuizima ni sawa na kusema. Akaketi.

Saa sita na nusu ikagonga. Sauti ya Jéthro ikatoka: "Taarifa ya leo itachelewa. Tunaomba muvumilie." Wimbo wa kanisa ukafuata, na Kavuo akashusha pumzi.

Mikono ya mama ikasimama juu ya maharage. Akamtazama binti yake, akaitazama kadi ya kazi shingoni mwake.

"Leo namba inangoja," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na weye uko hapa midi, saa ya kazi."

Kavuo akafungua mdomo.

"Hapana sema," mama akamwambia. "Usiseme kitu, mwanangu. Ni Lusenge njo atasema. Ingia ndani, umuletee kiti."

Kavuo alileta kiti, akakiweka karibu na mlango. Mama akarudi kwenye maharage yake, anatoa vijiwe kimoja kimoja, machozi yanaangukia ungoni. Lusenge alifika saa saba na nusu kwa miguu, matope mpaka magotini, pikipiki ameiacha kwenye matairi. Akaketi. Akasalimia. Akasema. Ndipo dada yake akatupa ungo na kulia kwa sauti, na majirani wakaanza kuingia.

Saa nane taarifa ilisomwa. "Butembo, Mususa, kifo kimoja." Katika uwanja ule wa vilio ni Kavuo peke yake aliyesikia kwamba sauti ya Jéthro ilivunjika kwenye neno la mwisho. Katika kazi ile hilo ni kosa, na mwenyewe ndiye aliyewafundisha hivyo. Aliporudi darasani hakumsahihisha.