Asubuhi Tulipomwaga Maziwa

Mwanangu, kuna asubuhi moja hunirudia kila nisikiapo maziwa yakichemka. Ukungu umelala juu ya kilima chetu cha Masoro, pale ambapo leo pana viwanda na maghala, na ndani ya ukungu ule ng'ombe wetu Bihogo anacheua polepole, kana kwamba dunia haina haraka. Kwangu mimi bado yupo pale.

Nilikuwa mkubwa katika nyumba isiyo na baba wala mama. Shule niliiacha mapema ili wadogo zangu, Faustin na Odeta, wabaki nayo. Bihogo ndiye aliyetulisha: maziwa mengine tulikunywa, mengine tuliwauzia majirani. Kisha kiwele chake kikavimba, kikawa cha moto, maziwa yakatoka na mabonge. Daktari wa mifugo akamchoma sindano, akasema atarudi kila siku mpaka dawa ikamilike. Maziwa tukamue na kumwaga shimoni mpaka yeye aseme.

Yale yenye mabonge hayakuniuma kuyamwaga. Lakini asubuhi hiyo kiwele kilikuwa laini, na maziwa yakatoka meupe, yakiimba ndani ya ndoo. Watoto walikuwa wamelalia uji wa maji. Nikaona Mungu ametukumbuka.

"Faustin," nikasema, "kamwambie daktari asije tena. Ng'ombe kapona. Dawa iliyobaki atutunzie, akiba haiozi."

Kabla hajavuka uzio, sauti ikatoka ukunguni: "Amashyo!" Ndiyo salamu ya wazee wetu, ya kumtakia mtu makundi ya ng'ombe.

"Amashongore!" nikaitikia.

Alikuwa bibi Venansiya, ajuza jirani yetu tuliyemwita mukecuru kwa heshima, aliyekuwa akinunua kwetu maziwa ya mjukuu wake. Akachungulia ndoo.

"Daktari amesema yanywewe?"

"Bado, mukecuru. Lakini tazama yalivyo meupe."

"Ukungu nao ni mweupe, na unaficha mashimo. Faustin, rudi hapa!"

Akainyanyua ndoo, akaenda nayo shimoni, akamwaga. Mwanangu, kwetu maziwa hayamwagwi. Bibi huyo huyo ndiye aliyetufundisha kwamba hayanywewi mtu akiwa amesimama. Nilitazama ule weupe ukizama kwenye udongo mwekundu, nikadhani naota.

"Mukecuru kalewa ikigage asubuhi yote hii!" Odeta akalia.

"Ningekuwa nimelewa pombe ya mtama ningeyanywa, we mdomo mrefu."

"Si ungempa ndama, basi?" Faustin akauliza.

"Hata ndama. Hata mbwa. Dawa ya sindano bado imo ndani ya maziwa."

Akaketi kwenye jiwe, akatuambia habari za mjukuu wake. Sikio la mtoto lilikuwa likitoa usaha. Kila lilipouma walinunua vidonge vichache dukani, na kila alipotabasamu waliviacha. Likarudi, na tena likarudi. Walipompeleka hospitali, dawa ya kwanza haikufua dafu, ya pili vivyo hivyo. "Mara ya mwisho," akasema, "daktari alikaa kimya kabla ya kuandika. Kimya kile sitaki kukisikia tena."

Kisha akanigeukia mimi peke yangu.

"Dawa inaua wadudu wa ugonjwa walio wanyonge kwanza. Ukiikatiza, wanabaki wale wagumu, wanazaa, na watoto wao wanaijua dawa kama wewe unavyoijua njia ya kisimani. Na wadudu hawaulizi, huyu mtu, huyu ng'ombe. Uzio wako si kitu kwao. Umeacha shule kwa ajili ya wadogo zako, mwanangu, na Mungu ameona. Sasa usiende kuwasomesha wadudu."

Nikaiosha ndoo. Daktari alipokuja alimkuta Bihogo amefungwa, akaendelea na kazi yake mpaka dawa ikakamilika. Tulikula viazi vitamu, na maharage ya bibi yule yule. Daktari aliporuhusu, maziwa ya kwanza nilimpelekea yule mtoto. Akaketi chini, akanywa kwa mikono miwili, akabaki na masharubu meupe. Leo ni baba wa watoto, anafanya kazi katika maghala pale pale Bihogo alipolala, na sikio lake lilipona kwa dawa ile ya mwisho, waliyoimaliza yote: ukimwita kwa sauti ya chini anageuka.

Basi na wengine wanisikie: wewe wa mtaa wa Kabeza unayepasua vidonge kwenye maji ya kuku wazima eti wasiugue, acha. Wewe wa mtaa wa Kagarama uliyeficha dawa nusu kabatini, hiyo si akiba. Dawa ya daktari ipokee kwa ugonjwa wake, imalize kama alivyosema, usimgawie jirani kwa huruma. Na mnyama akichomwa sindano, maziwa na mayai yake yasubiri. Subira yavuta heri, hata tumbo likinung'unika.

Mungu akupe nyumba ambayo dawa ikiitwa inasikia. Watoto wako wanywe wakiwa wameketi.

Amashyo, mwanangu. Nangoja uitikie.