Chupa ya Maji Makavu

Siku ya kwanza kazini kwa Fundi Mkuu wa simu, hapa Dunda, sikuongea mpaka adhuhuri. Nilisema shikamoo tu, akaitika marahaba, akaniwekea chupa mezani.

"Hii ni etha yenye florini. Sisi tunaiita maji makavu. Usiiache wazi, itaruka yote hewani."

Nilichanganyikiwa. Ukiitazama ni maji, ukiibeba ni nzito kuliko maji. Haiwaki kama spiriti, wala haipitishi umeme. Unachovya bodi, yaani kile kisahani chenye njia za umeme ndani ya simu, unaitoa, na hujahesabu kumi imekauka. Mafuta mepesi inayaondoa. Basi nikaamini inaosha kila kitu.

Wiki ya pili Fundi Mkuu alikwenda msibani Zinga, akaniachia meza. Akaja Bi Tatu, mvunaji chumvi. Simu yake ilikuwa imetumbukia kwenye bwawa la chumvi.

"Mjukuu wangu, simu siitaki. Nataka sauti ya marehemu mama yangu. Imo humo tu."

Ningemwambia asubiri, lakini niliona aibu. Nikatoa betri, nikachovya bodi. Matone ya maji yakaelea juu ya ile etha, nikayafuta. Bodi ikang'aa.

"Tayari, bibi," nikasema, nikashika betri niirudishe.

"Lete kwanza." Akapitisha kidole kwenye bodi, akakilamba. "We mtoto! Chumvi hii hapa! Umeondoa maji, chumvi umeniachia. Si ndiyo kazi yangu ya kila siku bwawani hiyo?"

Nikabaki na betri mkononi mpaka Fundi Mkuu aliporudi.

"Ungeirudisha hiyo betri, ungeiunguza bodi," akasema. "Chumvi haiyeyuki kwenye etha. Unaanza na maji ya betri, yale safi yasiyo na asidi wala chumvi, na brashi, unafuata na spiriti. Maji makavu ni mwisho."

Alasiri simu ikawaka. Sauti ya kizee ikatoka: "Tatu, umekula?"

"Nimekula, mama," Bi Tatu akaijibu, kisha akajifunika uso kwa kanga.

Jumatatu shule inafunguliwa, kwa hiyo leo nimestaafu. Nyie mtakaokaa kwenye meza ile, chupa fungeni vizuri. Bado sielewi inakuwaje kitu kiondoe mafuta kishindwe na chumvi, ambayo maji ya kawaida yanaiweza. Nitamuuliza mwalimu wa kemia, nikithubutu. Tena nyumbani wananisifu kwa ukimya. Siku ile "sijui" ilinishinda kutamka, "tayari" ikanitoka yenyewe.