Tairi Laini za Anwarali

Anwarali hakai. Watu wa mtaa wa Hurumzi, Unguja Mjini, wanalijua hilo, na wameacha kulistaajabia. Ukimkaribisha kahawa barazani atakunywa nusu kikombe wima, atasema "Nnakuja sasa hivi," na kabla kahawa haijapoa yuko mtaa wa Malindi, kwenye uwanja anakoegesha gari lake, analizunguka na kulikagua. Vichochoro vya Mji Mkongwe havipitishi gari pana kama lile, kwa hivyo linalala mbali na bwana wake, na bwana wake halali vizuri kwa ajili hiyo. "Unakwenda kwa bibi mdogo?" jirani humtania akipita mbio mbio na funguo mkononi. Naye hujibu kwamba bibi mdogo angekuwa na nafuu, maana akiumwa angesema.

Kazi yake ni kuuza vitambaa. Duka lipo njia ya Darajani, kaliacha baba yake, na kilichomlisha maisha yake yote ni kidole gumba cha mkono wa kulia. Mletee poplini, mletee hariri, mletee lasi ya Dubai, atafumba macho, atakisugua kitambaa baina ya kidole na kidole, na atakwambia kitafuliwa mara ngapi kabla hakijachoka. Kanuni yake ni moja: kilicho laini ndicho bora. Kitambaa kigumu kimetiwa wanga ili kifiche ubovu, na ukikifua mara moja tu kinabaki shashi. Kanuni hiyo haijapata kumtupa, na mtu ambaye kanuni yake haijamtupa huitumia hata pasipohitajika.

Gari alilinunua mwaka ule Shaheen, mtoto wao wa pekee, alipoondoka kwenda Kanada kusoma uuguzi, akapata kazi huko huko, akapata na mume. Nyumba ikawa pana ghafla. Anwarali akawa hawezi kukaa sebuleni kwa sababu kila kiti kilikuwa kitupu isipokuwa chake. Ndipo akaagiza Forester yenye turbo, gari refu la kupandia milima lakini lenye roho ya gari la mashindano, na kila Ijumaa baada ya sala akawa anampakia mkewe, Rumana, na thamosi ya chai na kachori, wanakwenda. Wanakwenda wapi? Popote. Kidichi, Kizimbani, Jozani, mpaka Makunduchi na kurudi, bila ya kuwa na haja yoyote na mtu wa Makunduchi.

Watu walidhani anapenda mwendo. Kweli, aliupenda. Lakini alichokipenda zaidi ni kwamba ndani ya gari Rumana alikuwa akizungumza. Nyumbani, tangu Shaheen aondoke, mama huyo alikuwa mtu wa "ndiyo" na "hapana" na "chakula tayari". Akishakaa kwenye kiti cha kushoto, wakishapita Amani, ulimi ulifunguka: mambo ya harusi za watu, mambo ya utoto wake, nani kakosana na nani. Anwarali alishika usukani akasikiliza, na moyo wake ukatulia kwa muda wa safari.

Mwezi wa Disemba, katika mvua za vuli, walikuwa wanarudi kutoka Kidichi na doriani kiti cha nyuma. Kwenye kona moja ya mikarafuu gari liliteleza. Hakuwa anakimbia, hilo ameliapia kwa kila aliyemuuliza na wengi ambao hawakumuuliza. Gari lilizunguka lote, likaingia majanini na kusimama limeelekea kule walikotoka. Hawakugonga kitu. Rumana hakupiga hata kelele. Ijumaa iliyofuata alisema, "Nenda weye, mie nna kazi." Ijumaa nyengine akasema vile vile. Ya tatu akasema bila ya kumtazama, "Baba Shaheen, gari hilo sipandi tena."

Basi Anwarali akawa anazunguka kisiwa peke yake, na raha haikuwepo. Alifika Jozani akageuza bila hata kushuka. Alifika Kizimbani akanunua mdalasini ambao nyumbani ulikuwa umejaa kopo. Akirudi hakuwa na la kusimulia, na Rumana hakuwa na la kuuliza. Alilaumu mvua, akailaumu barabara, akayalaumu majani ya mikarafuu, mwisho akazishika tairi. Tairi ndizo. Alikuwa kazinunua karibuni tu kwa Mmanga, muuza tairi za mtumba wa Mwanakwerekwe, na kashata zake, yale meno ya kushikia barabara, bado zilikuwa nene, lakini hapana budi ziwe zina kasoro. Akibadilisha tairi, akaweka bora kuliko zile, Rumana atarudi kwenye kiti chake. Aliliamini hilo kwa nguvu zote, na masika yalipoanza akashindwa kungoja.

Mmanga alikuwa amefungua kontena siku hiyo. Tairi zimepangwa chini, nyeusi tititi, na wateja wanainama kuchomeka kucha kwenye kashata wapime kina chake. Anwarali hakuchomeka kucha. Alifumba macho, akaanza kuminya kwa kidole gumba, tairi baada ya tairi, na watu wakaacha shughuli zao wakamtazama.

"Sheikh Anwarali," Mmanga alisema, "unachagua tairi au unachagua kitambaa cha kanzu?"

"Wee nyamaza. Kizuri chajiuza."

"Basi acha kijiuze, unakitia alama za vidole."

Alizipata nne, laini kupita zote, kidole kinazama kidogo na kurudi. Kashata zake ndefu, zimechanjwa chanjwa mistari myembamba myembamba, kazi ya mikono safi. Moyo ukamcheka. Akamwambia Mmanga amuwekee mpaka asubuhi, akazipiga picha, akarudi nyumbani na habari njema.

Baada ya magharibi Shaheen alipiga simu ya video, kama desturi yake. Kule kwake ilikuwa mchana. Anwarali hakumuuliza hata hali ya mumewe, alimpelekea picha moja kwa moja. "Itazame hii, mwanangu. Mtoto wa mwenye duka la vitambaa, nambie."

Shaheen aliisogeza simu machoni, kisha akaanza kucheka mpaka simu ikamtikisika mkononi. "Baba, mnahamia huku nini?"

"Kwa nini?"

"Hizo tairi za theluji! Tazama ubavuni. Pana kilima kidogo, na ndani yake chembe ya theluji, kama nyota. Umekiona?"

Anwarali aliikuza picha. Kilima kilikuwepo, na nyota yake. Alikuwa kakiona tangu mchana, akadhani ni nembo tu ya kiwanda, pambo la pembeni ambalo mwenye akili halisomi.

"Mpira wake wameufanya laini makusudi, usigande baridini," Shaheen aliendelea. "Huko kwenye joto unalegea. Ukikutana na maji barabarani haushiki kitu. Mie zangu nshazivua mwezi uliopita, na huku bado tunavaa makoti. Usizitie, Baba, mtateleza."

Sauti ya sahani jikoni, alikokuwa Rumana, ikakatika. Anwarali alisema "Nnakuja sasa hivi," akaiacha simu mezani inamwonyesha mwanawe dari, akashuka ngazi na kutoka mvuani bila mwavuli. Pale Malindi alipiga magoti kwenye maji na tochi mkononi. Tairi ya mbele, kilima na nyota. Ya nyuma, kilima na nyota. Zote nne. Zile alizoziteua mwenyewe kwa kidole chake siku alipozinunua, zikamzungusha Kidichi na mkewe ubavuni. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Kumbe si barabara wala mvua, na Mmanga naye hakumlazimisha. Kuuliza si ujinga, na yeye hakuuliza.

Asubuhi alikwenda kwa Wakil, anayeuza tairi mpya Amani, akamweleza kila kitu kabla hajaulizwa. Wakil alimtolea tairi pana, mbavu ngumu, mistari ya kutolea maji imechongwa kwa mshazari. "Hizi za mwendo," alisema. "Gari lako khasa ndilo lililotakiwa lipewe hizi."

Anwarali aliiminya moja. Kidole kiligonga ukuta. Kila alichofundishwa na baba yake kilimwambia: wanga huu, ondoka. "Sitaki za kukimbilia," alisema. "Mie n'na mke anaogopa."

"Na nani kakwambia tairi ya mwendo ni ya kukimbilia? Kukimbia hata tairi ya kipara inakimbia. Hii ni ya kusimamia. Ukikanyaga breki isimame, ukikata kona ikate, maji yapite pembeni."

Zilikuwepo za aina mbili. Moja ilikuwa na uso mpana uliobana barabara kavu, na kusema kweli ilikuwa nzuri ya kupendeza. Ya pili mifereji yake ilikuwa mikubwa zaidi, umbo la kawaida tu, na tarehe iliyopigwa ubavuni ilionyesha imetoka kiwandani karibuni. Anwarali aliirudia ile ya kwanza, akaenda kwa ya pili, akatoka nje, akaingia tena. Mwisho akatia mkono wa kulia mfukoni, kidole kisije kikapiga kura, akachagua yenye mifereji. Hakupatana bei hata kidogo, jambo lililomtia Wakil wasiwasi, akamuuliza kama anajisikia vizuri.

Zikafungwa. Akakwenda peke yake mpaka kwenye ile kona ya mikarafuu, mvua inanyesha, akaipita kwa mwendo ule ule wa Disemba. Gari likakata kona na kunyooka bila ya kusitasita. Akageuza akaipita tena. Mara ya tatu alikuwa anacheka peke yake na kuzungumza na kiti kitupu.

Nyumbani alipanda ngazi mbili mbili. Rumana alikuwa amekaa kwenye mkeka na ungo wa mchele mapajani, anachambua. Anwarali alisimama mbele yake anatiririka maji, akamwaga yote: theluji, mpira laini, mifereji, mbavu ngumu, kona. "Kosa langu, Mama Shaheen. Nilichagua kwa kidole. Sasa halitelezi. Ijumaa twende."

"Nshasikia," Rumana alisema. "Nlikuwa jikoni jana Shaheen aliposema."

"Basi?"

"Basi nini? Mie nshakwambia lini kama naogopa tairi?"

Anwarali alitafuta siku aliyoambiwa, hakuiona. Ni yeye aliyejiambia, na akajijibu, na akaenda mpaka Amani.

Rumana aliendelea kuchambua, macho kwenye mchele. "Gari liliposimama siku ile, ulifungua mlango ukashuka. Mvua yote ile. Ukalizunguka. Ukapapasa bampa, ukapapasa taa, ukainama ukatazama chini yake. Ukarudi umeroa, ukasema, 'Alhamdulillahi, halina kitu.' Ukatia gia tukenda zetu."

"Nilikuwa nimeshituka, Rumana. Sikujua ninalofanya."

"Najua. Na mie nlikuwa nimekaa pale pale."

"Lakini ulikuwa mzima."

"Nani kakwambia?"

Mvua ilisikika kwenye mabati ya jirani. Anwarali alitaka kwenda mahali. Miguu ilikuwa inaujua mlango, funguo zilikuwa mkononi, na kwa mara ya kwanza aliona wazi kwamba hapana pa kwenda.

"Nligonga mlango kwa bega," Rumana alisema. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi mumewe. "Ramadhani nzima siwezi kunyanyua mkono. Sufuria za juu alikuwa akinitelemshia Nassra wa nyumba ya chini. Nywele akinisuka yeye. Nkingoja uniulize tu. Nkasema leo ataniuliza, kesho ataniuliza. Weye ukaja na habari za mvua, ukaja na habari za majani. Leo umekuja na za tairi."

Miezi yote hiyo alikuwa amelala ubavuni pake. Alikuwa akienda Malindi asubuhi na jioni kulitazama gari kama lina mkwaruzo, na usiku anarudi kulala karibu na mtu asiyeweza kujisuka. Akaziweka funguo chini. Akakaa kwenye mkeka, nguo zake zimeroa chapa, karibu naye, akahisi machozi yanamjia na hakuyazuia.

"Linauma bado?"

"Kukiwa na mvua."

Alinyoosha mkono polepole, akauweka kwenye bega lake la kulia, lile lililokuwa upande wake kila Ijumaa.

"Sio hilo," Rumana alisema. "La mlangoni."